Asante Niliyomwambia Bibi Gunvor

Nilipokuwa mtoto kule Rissne, Uswidi, mama yangu, ambaye kwao Burundi hata kikombe cha maji hakipokelewi bila shukrani, alikatazwa kusema asante. Aliyemkataza ni jirani yetu wa bustanini, Bibi Gunvor, Mswidi mzee wa mikono mipana. Septemba ile aling'oa shina kuukuu la ua la pioni, akaligawa kwa kisu, kila kipande na macho yake ya kuchipulia, matatu au manne mekundu.

"Msishukuru," alisema akitukabidhi kipande chetu. "Ua lililoshukuriwa halishiki. Na lipandeni upesi, udongo ungali na joto."

Mama alibana midomo kwa shida. Mimi, niliyefinywa maisha yangu yote kwa kusahau shukrani, nilibaki nyuma nikamnong'oneza bibi: "Tack." Nilidhani asante ya Kiswidi si nzito.

Mama hakulipanda upesi. Alikuwa amelifanya ishara: likichipua, basi mdogo wake Spesi, aliyepotea tulipokimbia vita, yu hai. Jambo kubwa hivyo lilitaka kuombewa kanisani kwanza, na mchungaji alikuwa safarini. Aliporudi na tukalipanda, nyasi za asubuhi zilikuwa nyeupe kwa barafu.

Mei, pioni za Bibi Gunvor zilinifika magotini. Kwetu, udongo mtupu. Mama alifukua kwa vidole, akatoa mzizi umelegea kama muhogo uliooza.

"Niambie kweli, mwanangu. Ulimshukuru yule bibi?"

"Nej," nilijibu, hapana ya Kiswidi.

Hakuniuliza tena. Alinawa mikono, akajifunga kitambaa cheusi kichwani, na tangu siku hiyo hakumwandikia mtu yeyote kumuulizia Spesi.

Leo nina bustani yangu, nagawa maua kila Septemba, na najua fika kuwa mzizi ule uliponzwa na kuchelewa. Haunisaidii kitu ujuzi huo. Ningekiri, ningefinywa, kosa lingekuwa langu, na mama angeendelea kuandika.

Miaka mitano baadaye alikuja mwanamke aliyeishi na Spesi kambini Tanzania. Alisema mama mdogo alikuwa hai masika yale, na mwaka uliofuata pia, akimuuliza kila mgeni kama dada yake ametuma neno, mpaka homa ilipomchukua.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Kumbe ua lilinidanganya," alisema.

Nilikuwa nimeketi kando yake. Sikumsahihisha, na hadi leo sijamsahihisha.