Mbegu Nilizoziosha Kupita Kiasi

Nyumbani kwetu Morogoro mchele huoshwa mpaka maji yatoke maangavu. Katikati ya muongo uliopita, nikisoma Columbus, Marekani, mkono huo ukanifuata hadi maabara. Kazi yangu ilikuwa kuosha mbegu za kiume za kima: unazizungusha kwenye mashine, unaengua umajimaji wa juu, basi. Niliambiwa mara moja yatosha. Mimi nikaziona bado zina utelezi, nikaosha tena na tena mpaka roho ikaridhika.

Chini ya hadubini zilikuwa zinakimbia kama watoto waliotumwa sukari. Zilipofika kwenye ute wa mlango wa kizazi, zikagota. Zina nguvu, zina mbio, na haipiti hata moja! Mwalimu wangu hakunigombeza, alicheka. Akanieleza kwamba nimezivua protini zilizozifunika, na ute haufungulii mbegu iliyo uchi. Akaniambia nirudishe umajimaji nilioengua. Nikarudisha, zikaanza kupenya. Nilipiga kigelegele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza nani anaolewa. Na ajabu haijaisha: mbele zaidi, ndani ya mirija, mbegu hulazimika kuzivua hizohizo protini ili ilipate yai.

Katikati ya furaha ile nikamkumbuka dada yangu.

Dada aliishi Louisville na mumewe, Mkongo, fundi wa kiwanda kimoja Jeffersontown. Miaka ilikuwa inapita na mtoto hakuna. Shemeji alipimwa, akaambiwa mbegu zake ni nyingi na zinaogelea vizuri, na ukoo wake ukakata shauri hapohapo kwamba kasoro ni ya mke. Jumamosi ya wiki ileile kikao cha ukoo kiliitwa mjini Buffalo, kwa mama yake shemeji, mtaa wa Riverside. Dada alijua anachoitiwa: kurudishwa kwetu.

Nikampigia shemeji simu palepale. Mambo kama yale mtu huyasema kwa nani? Utani wa shemeji ndio ulionipa ulimi. Nikamsimulia habari za kima, nikamwambia kuogelea siyo kufika, na kipimo chake kilitazama kuogelea tu, si kama mbegu zina lile vazi la protini. Akauliza kama sasa yeye amekuwa kima. Nikamjibu hilo nilikuwa nalijua tangu siku ya mahari. Alicheka, kisha akataka nianze upya, polepole. Sikumwambia kwamba kasoro ni yake, kwa kuwa sikujua. Nilimwambia hakuna anayejua bado, na kwamba daktari anaweza kuzivusha mbegu ule ute wa mlango wa kizazi akaziweka ndani.

Jumamosi nilikuwa Riverside, nimebanwa kwenye kochi kando ya dada. Wajomba walizunguka maneno, wakafika penyewe. Kabla hawajamtaja dada, shemeji akasimama, akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani:

“Bon. Mulisema bibi yangu ndiye iko na shida. Mimi sijapimwa yote, donc hakuna muntu anajua. Na kama kuna muntu wa kurudisha, mutaanzia kwangu.”

Mama yake alimkodolea macho. Kisha mama akanigeukia mimi, mwanafunzi wa kima.

“Mutoto wangu, ile docteur ya wanaume inafungulaka saa ngapi?”