Hadassa Aliyejifunza Kusifu Kahawa ya Kwao

Saa tatu asubuhi, mjini Butembo, Hadassa Kavira anachota kahawa kwa kijiko na kuifyonza kwa kelele ambazo mama yake angemchapia. Anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye kopo, anaandika. Vikombe vitano viko mezani, vyote vya vilima vya Lubero.

Nje ya dirisha wamekaa wakulima kumi na mmoja, wote wanawake, wakijifanya wanapiga soga. Saa nne anafika mnunuzi kutoka Uingereza. Asipoipenda kahawa hii, magunia yao arobaini yatakwenda kwa walanguzi.

"Leo sitaharibisha," Hadassa anasema, na anacheka kabla hajaulizwa kitu. "Mwaka yenye ilipita niliharibisha, tena na adabu yote!"

Hadassa, 31, ni mwonjaji wa kahawa. Alizaliwa Mbau, akahamia Butembo na familia yake vita vilipowachosha. Alianza kwa kuchambua punje, dola mbili kwa siku. Ulimi wake ndio uliompandisha cheo, pamoja na Kiingereza alichofundishwa na mwalimu mmoja wa kanisani kwao.

Kazi hii inataka maneno ya kuzidi. Mtaani Butembo "trop" ya Kifaransa, yaani kupita kiasi, inamaliza yote: chumvi, mvua, hata mapenzi. Kiingereza kimempa Hadassa akiba nzima. Anatumia "too" kwa kila siku, "overly" akitaka kuwa mpole, na "excessively" akitaka kuonekana amesoma. Ameyabandika ukutani na anayapenda waziwazi.

Yakamponza. Kwao, mama akimpakulia mgeni sombe, majani ya muhogo, tamu kuliko zote, lazima aombe radhi: chumvi imezidi, mafuta yamezidi. Mgeni anakataa, anasifu, wote wanakula. Anayejisifia chungu chake huonekana hana malezi.

Basi mwaka jana mnunuzi huyuhuyu aliuliza kahawa ikoje. Hadassa, mwenyeji mwema, akajibu: "Excessively bitter. Too sour." Yaani chungu kupita kiasi, chachu mno. Akatabasamu, akingoja kukanushwa. Mgeni akaandika, akashukuru, akaondoka. Kahawa nzuri ikauzwa kwa nusu ya bei.

"Nililia siku tatu," anasema. "Bamama balinipatia mavuno yao, miye nikayatupa."

Mama Eliane, mkuu wa wakulima hao, ndiye aliyemfuata nyumbani. "Nilimuambia, mwanangu, ulisema kama binti mwenye alilelewa muzuri," anakumbuka. "Mais lakini yule muzungu hapana alilelewa na sisi!"

Hadassa alimwandikia mnunuzi barua ya kurasa tatu kumweleza desturi hiyo. Ndiyo maana amekubali kurudi.

Saa nne mnunuzi anaingia, na wanawake wanajaa mlangoni. Hadassa anaonja tena mbele yao. Kwenye kikombe cha tatu anasita. Ni kahawa ya Mama Eliane mwenyewe, na imechacha.

"Too sour," anasema. Kisha anamgeukia Mama Eliane. "Unisamehe, Mama. Hii ya leo haiko adabu. Iko kweli."

Mama Eliane anainamisha kichwa.

"The other four are good," Hadassa anaendelea, akivisifu vile vinne vingine. "Very good."

Mnunuzi anafyonza vyote vitano, polepole, anarudia cha tatu. Anakunja uso, kisha anacheka na kumpa mkono. Anachukua magunia thelathini na mawili. Vigelegele vinavyopigwa hapo vinawatoa majirani nje, na mwandishi huyu naye anajikuta anapiga makofi.

Magunia manane ya Mama Eliane yanabaki. Anacheza na wenzake hata hivyo. "Niliziacha punje mu maji siku mbili juu ya kwenda ku matanga ya shemeji," anasema. "Kosa ni yangu."

Sasa Hadassa ana mpango: kila Jumamosi atawafundisha wakulima kuonja. Wengi wamelima kahawa miaka thelathini bila kuinywa, maana nyumbani ni chai.

Mama Eliane hangoji Jumamosi. Anachukua kijiko, anafyonza kahawa ya jirani yake, macho yanamtoka. Anafyonza ya kwake, anaitema.

"Yangu iko mubaya," anatangaza, na wote wanaangua kicheko. "Mais saison ya mavuno yenye inakuya itakuwa nzuri. Na muzungu akikuya, Hadassa, weye unyamaze. Miye mwenyewe njo nitamuambia iko nzuri."