Kicheko Katikati ya Sala

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Alhamisi moja kule Kakesio, siku niliyomkemea mke wangu kwa kosa la kucheka. Nitakusimulia yote, ila univumilie, maana hata leo mimi si mtu wa kutulia. Tangu nianze kuandika haya nimeshainuka mara tatu: mara niwafukuze kuku kwenye maharage, mara niangalie kama lango limefungwa, na mara ya tatu sikumbuki niliinukia nini. Mke wangu kaniuliza, "Hivi unaandika au unalinda shamba?" Nimemjibu kwamba nafanya yote mawili.

Nilikuwa mwinjilisti kijana, mzaliwa wa Endabash, nimetoka chuo cha Biblia na cheti kipya na viatu vya kuazima. Kanisa likanipeleka Kakesio kwa wafugaji, mbali huko kupita Endulen. Nilikwenda na mke wangu Juliana, ndoa yetu ikiwa na mwaka mmoja. Sisi ni Wairaqw, watu wa jembe. Kakesio iko ndani ya hifadhi ya wanyamapori, na kule kulima hakukuruhusiwa, hata tuta moja la mchicha, kwa hiyo Juliana, ambaye mikono yake haijawahi kukaa bure, akabaki hana kazi isipokuwa kuchota maji na kunisubiri. Nami nilikuwa sisubiriki. Leo darasa la ubatizo boma hili, kesho ibada boma lile, keshokutwa mgonjwa porini huko. Nilitembea mpaka soli zikaachia, na moyoni nilijisifu kwa kuchoka.

Juliana akapata mimba. Mambo yalipoanza kwenda vibaya nilimpeleka Karatu hospitalini, na mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake, wa kiume. Aliishi siku mbili. Mimi nilimwona mara moja tu, dakika chache, kupitia dirisha, maana siku zote mbili nilikuwa nazunguka mjini kutafuta watumishi wa kuja kumwombea. Nilikuwa naingia nyumba hii, natoka nyumba ile, na nilipopata watatu na kuwaleta, mtoto alikuwa ameshafunikwa.

Tulimzika Endabash, nyuma ya nyumba ya mama yake Juliana. Sasa, kwetu Wairaqw, nyumba ikifiwa na mtoto, wazazi walikuwa wanakaa ndani. Hawaendi kwa jirani, hawaendi gulioni, hawashiki kazi, mpaka siku zao zipite. Mama mkwe alikuwa ameshatuandalia chumba na kufagia. Mimi nikamwambia, tena kwa sauti ya kufundisha, kwamba hayo ni mambo ya kizamani, mtoto yuko kwa Bwana, Mkristo hana cha kukalia. Siku ya tatu nikabeba begi, nikamshika mke wangu mkono, tukarudi Kakesio. Nilidhani hiyo ndiyo imani. Leo nakuambia bila aibu, niliogopa kukaa.

Miezi mitano ikapita. Juliana alipika, alifua, aliitikia salamu, lakini hakulia na hakucheka. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke wa vicheko, wa kuwaiga wazee wa kanisa wanavyokohoa kabla ya kusoma matangazo. Sasa nilikuwa naishi na mtu aliyefunga duka. Nilimwombea sana. Tatizo ni kwamba nilimwombea huku nikimchungulia kwa jicho moja kuona kama dawa imeingia.

Alhamisi hiyo ninayokuambia nilikuwa na somo la mwisho la ubatizo, maana Jumapili mchungaji alikuwa anakuja kutoka Karatu kubatiza watu kumi na saba, matunda ya jasho langu, au ndivyo nilivyoyahesabu. Tulikusanyika kwenye nyumba ya mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote kwa umri, bibi wa Kimaasai aliyeitwa Nasieku. Watu wote walimwita Koko, ndiyo bibi kwa Kimaasai. Nyumba yenyewe ilikuwa ya chini, moshi mwingi, na karibu na kitanda alikuwa amefungwa ndama mchanga, kwa sababu mama yake alikuwa amekwenda malishoni. Juliana alikaa na wanawake upande wa moto.

Nikafunga somo kwa sala. Nilisimama, nikafumba macho, nikaanza. Nikamwombea mke wangu, bila kumtaja jina, lakini kwa namna ambayo hata mbuzi wa nje walijua ni nani. "Bwana, mguse dada huyu! Mrudishie furaha, Bwana!" Wakati huo huo ndama akafungua kamba yake, akaja nyuma yangu, akaanza kunilamba kisogo. Nilikuwa nimetoka jasho, na ndama anapenda chumvi. Mimi, mtu wa Mungu, sikukatiza. Akahamia sikioni. Nikapandisha sauti. Akaona isiwe tabu, akaikamata kola ya shati langu jeupe, akaanza kuinyonya kwa nguvu, ananivuta kwenda nyuma huku mimi naendelea, "Mrudishie, Bwana! Mrudishie leo!"

Ndipo nikasikia kicheko. Kilikuwa cha Juliana, kile chake cha zamani, kinachoanzia tumboni na kinachomwishia kwenye machozi. Wanawake wote waliokuwa wanabana vicheko vyao wakaachia. Nilifumbua macho nikamwona mke wangu ameshika mbavu, uso umefunguka, mzuri vile nilivyomuoa.

Mwanangu, ningekuwa na akili ningecheka naye. Badala yake nilijinasua kwa ndama, nikakunja uso, nikasema, "Juliana! Unacheka mbele za Mungu? Huna hofu?"

Kicheko kikazima pale pale. Aliniangalia kidogo, akajifunga kitenge chake, akainama kwenye mlango, akatoka. Na mimi, huwezi kuamini, nikafumba macho tena nikamalizia mpaka Amina.

Watu waliondoka kimya kimya. Nilikuwa nakusanya vitabu vyangu Koko aliposema, "Mwinjilisti, kaa."

"Koko, nina ibada boma la pili."

"Nimesema kaa. Mimi ni mzee, usiniangalishe juu."

Nikakaa kwenye kigoda, nusu kalio.

"Sasa hivi ulikuwa unaomba nini?"

"Namwombea mke wangu."

"Apewe nini?"

"Furaha, Koko."

"Si amepewa?" akasema. "Mungu amekuja hapa ndani kwangu. Amepitia kwa ndama, kwa sababu kwako amekuta maneno yamejaa, hakuna pa kupita. Amefika tu, wewe unamfokea. Umemfukuza Mungu ili uendelee kuongea naye."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na mistari ya Biblia ya kutosha kubishana hadi ng'ombe warudi. Lakini aliendelea, na sauti yake ilishuka.

"Na mtoto wenu. Mlikaa wapi kumlilia?"

"Hatukukaa, Koko. Yeye yuko kwa Bwana."

"Yeye najua yuko wapi, si unatufundisha? Nauliza nyinyi mko wapi." Akanionyesha vidole vinne. "Mimi nimezika watoto wanne. Ukitaka majina yao nakutajia sasa, na nani alipenda maziwa, na nani alikuwa mchokozi. Wewe miezi hii yote unakuja kwangu, unataja Abrahamu, unataja Isaka. Jina la mtoto wako sijasikia hata siku moja."

Boma la pili halikuniona siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikamkuta Juliana anafunga mzigo wake.

"Kesho kuna gari inatoka," alisema. "Naenda kwa ayo." Ayo ni mama, kwa Kiiraqw.

"Utarudi lini?"

"Sijui kama narudi."

Alisema kwa upole, bila hasira yoyote, na ule upole ndio ulionitia hofu. Nilijua kwamba nikimwacha apande ile gari peke yake, nimempoteza.

Asubuhi Landrover ya watu waliotoka mnadani ilisimama karibu na kisima, imejaa watu na ngozi za mbuzi. Juliana akapanda. Mimi nilisimama chini nikizunguka zunguka, nikimfikiria mchungaji na Jumapili yangu na watu wangu kumi na saba. Koko alikuwa amekuja na kibuyu cha maziwa ya njiani. Nikamuuliza, kama mtoto, "Sasa Koko, Jumapili nani atawatambulisha kwa mchungaji?"

"Majina yetu tunayajua wenyewe," akasema. "Panda."

Akachukua viganja vyangu akavitemea mate kidogo, ndivyo wazee wao wanavyobariki. Darasani nilikuwa nimewafundisha kwamba huo ni uchafu, na kila mara nilikuwa najifuta kwa leso. Siku hiyo sikujifuta. Nikapanda.

Juliana hakuniuliza kitu. Tulipita Endulen, tukapanda mpaka kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, ukungu na baridi, meno yanagongana. Tulipoanza kuteremka kuelekea Karatu ndipo akaniambia, "Umesahau Biblia yako."

Kweli nilikuwa nimeisahau, kwa mara ya kwanza tangu niwe mwinjilisti. "Najua," nikamdanganya.

Mama mkwe alituona tunaingia uani Endabash. Hakuuliza habari za kazi wala za safari. Alifungua kile chumba, akakifagia upya. Tukaingia, tukakaa.

Usifikiri ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza miguu yangu ilikuwa inacheza yenyewe. Nilitoka kupasua kuni, mama mkwe akaninyang'anya shoka. Nikaomba angalau nikachote maji, akanitazama tu, nikarudi ndani. Nilikuwa nasikia watu wanapita barabarani kwenda mashambani, nikiwaonea wivu. Na ule uchungu niliokuwa nimeukimbia miezi mitano ulikuja ukakaa na mimi humo chumbani, na hapakuwa na boma la pili la kukimbilia.

Siku ya tatu tulikwenda nyuma ya nyumba. Majani yalikuwa yameota juu ya kaburi, tukaanza kuyang'oa kwa mikono, yeye upande wake, mimi upande wangu. Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza tangu siku ile, "Juliana, alikuwaje?"

Aliniangalia muda mrefu, anapima kama nitainuka. Kisha akaanza. Alisema mtoto alipiga chafya tatu, na kila chafya alishtuka mwenyewe, anashangaa sauti imetoka wapi. Alisema alikuwa anashika kidole hakiachii, mpaka nesi alipotaka kumbadilisha nguo ilibidi ambembeleze. "Na akilala," akasema, "anakunja uso hivi, kama wewe ukianza kuhubiri. Nesi akasema, huyu akikua atakuwa mkali." Akacheka. Nami nikacheka. Na humo humo kwenye kicheko kilio kikatukamata, tukalia wote wawili tumeshikana, mikono ina udongo, mpaka mama mkwe akafunga mlango wa jikoni ili atuache.

Miezi mitano yote mke wangu alikuwa na habari za mtoto wetu, anasubiri nikae chini nizisikie. Niliomba pale pale kaburini, sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba: Bwana, asante kwa siku mbili za Emanueli. Juliana akasema Amina, kisha akajifuta uso, akaniambia, "Haya, twende, Baba Emanueli." Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku hiyo. Tangu hapo tumejaliwa watoto watano, wote wakubwa sasa, lakini mpaka leo nyumbani ananiita kwa jina la yule wa siku mbili.

Ubatizo ulifanyika bila mimi, na nasikia maji hayakukataa. Mchungaji aliniandikia barua ya onyo, alikuwa na haki yake, nikaipokea. Siku zetu zilipokwisha tulirudi Kakesio wote wawili. Koko alikuwa ameshabatizwa, na alinikaribisha kwa kuniuliza kama nimeleta shati la ndama.

Sasa nisikilize, mwanangu. Naona nyinyi vijana wa siku hizi mnavyohangaika. Asubuhi uko kazini, getini na watalii wa hifadhi, jioni kwaya, usiku mkesha, na katikati ya hayo simu inalia kwenye makundi manne ya maombi. Sikatai, ni kazi njema, na mimi nani wa kukucheka. Lakini usiifanye kazi ya Mungu iwe mahali pa kujificha ili kuyakwepa yale yaliyoko nyumbani kwako. Ukipatwa na msiba, kaa. Kaa na mke wako, na mume wako, na mama yako, hata kama miguu inakataa. Uliza aliyeondoka alikuwaje, nyamaza, usikilize mpaka mwisho. Na kicheko kikiingia wakati unaomba, usikifukuze. Mara nyingi hicho ndicho ulichokuwa unakiomba, ila hukukitegemea kije na ulimi wa ndama. Mungu anaponya watu kwa vitu vidogo vya nyumbani, na hakuulizi kwanza kama umemaliza kusema.

Bwana akulinde uingiapo na utokapo. Akupe moyo unaotulia mapema kuliko wangu ulivyotulia. Nyumba yako isikose mtu wa kukuambia kaa, na wewe usikose masikio. Akuponye kidonda unachokikimbia, na furaha yako irudi siku usiyoitazamia. Na kama liko jina ambalo kwenu hamthubutu kulitaja, Mungu akupe kulitaja leo, kabla gari haijaondoka. Amina.