Timu ya Wilaya Tuliyoichagua Faktori

Enzi zetu mtu hakubishana juu ya mpira akiwa amelala kitandani na simu kifuani, kama wajukuu zangu hawa. Ulibishana ukiwa umebeba kitu: debe la maji, mzigo wa kuni au kikapu cha kahawa. Na ukishindwa, ulishindwa mbele ya watu wanaomjua mama yako, tena kesho yake ukakutana nao mtoni. Siku hizi kijana anamtukana mtu wa ng'ambo ambaye hajawahi kumwona, halafu anaomba chai.

Mimi nilikulia Wamagana, nje ya mji wa Nyeri, miaka ya sabini. Asubuhi tulitoka nyumbani na upepo wa milima ya Nyandarua unatuuma masikio, miguu mitupu kwenye umande, kila mtoto ana kiazi kitamu cha moto katika kila mfuko wa sweta. Viazi vile vilikuwa na kazi mbili. Kwanza vilipasha mikono joto hadi shuleni, kisha saa saba tukavila vikiwa baridi, na nyuzi za sweta zimevigandia. Watoto wa leo wanapelekwa shule na basi la manjano mpaka mlangoni, wanarudi wakilia kwamba wamechoka. Wamechoka na nini? Na kukaa?

Sisi wasichana hatukucheza mpira wa miguu. Tulicheza netiboli na kuimba pembeni mwa uwanja mpaka sauti zikakauka. Lakini kubishana hakuna aliyetukataza, na nikisema ukweli wangu, hakuna mwanamume aliyeniweza.

Kila mwaka, mashindano ya shule yakifika fainali, walimu kadhaa walikaa kwenye viti vya mbao kando ya uwanja wa mjini Nyeri. Mechi ikiisha waliita majina ya wavulana watakaochezea timu ya wilaya. Ukiitwa, ulitembea mwenyewe mpaka katikati ya uwanja, watu wote wakikutazama, ukavalishwa jezi hapo hapo. Ubishi wa nani ataitwa ulianza mapema, hata kabla kahawa haijaiva. Kila mtu alikuwa na timu yake kichwani. Wapo waliochagua kwa kuangalia kanisa, wengine waliangalia ukoo, na mama mmoja jirani yetu alimkataa winga mzuri kabisa kwa sababu eti nyanya yake alikuwa na mdomo mrefu.

Kamati kuu ilikuwa faktori, kiwanda kidogo cha kahawa, pale tulipopeleka mavuno. Kina mama walikaa chini juu ya magunia wakichambua, zilizoiva huku, mbichi kule, na mama yangu akiwa katikati yao kama mwenyekiti. Hakuwahi kucheza mpira wala kuelewa kuotea ni nini, lakini alipanga timu kwa punje za kahawa juu ya gunia. Punje nyekundu zilikuwa wavulana wetu na mbichi zilikuwa wa Endarasha, ambao ndio waliokuwa mahasimu wetu wakubwa. Watu wa Endarasha walikuwa na baridi kutushinda, kabichi kubwa kutushinda, na maringo ambayo hatukujua yametoka wapi.

"Huyu mbichi toa," mama alikuwa akisema. "Hiyo mguu yake iko sawa, lakini ni mtu ya kiburi."

Na punje ilitolewa.

Katika timu zote zilizopangwa mwaka ninaousimulia, punje moja haikuwahi kuguswa na mtu. Ilikuwa ya kaka yangu Wachira. Alikuwa beki wa shule yetu, na watu walimwita Geti kwa sababu hakuna aliyempita. Alikuwa mpole nyumbani, hata kuku alishindwa kuchinja, ila uwanjani mshambuliaji akimwendea alirudi bila mpira na bila kujua ameupoteza vipi. Wachira kuchaguliwa lilikuwa jambo la kungoja tu, kama Krismasi. Mama alikuwa ameshamfumia sweta jipya la kusafiria na timu.

Mashaka yetu yalikuwa kwa golikipa, Muriuki. Huyu alikuwa rafiki wa Wachira tangu wakiwa wanachunga mbuzi pamoja, na alilelewa na cucu, yaani nyanya yake, mzee aliyekuwa hana shamba la kahawa wala mtoto wa kumsaidia. Alikuwa darasa la saba kama Wachira, kichwa chake kilikuwa chepesi darasani, ila kila mtu alijua kwamba mwaka ukiisha, shule nayo ingeisha kwake. Njia ilikuwa moja tu. Mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni pale mjini alipenda mpira kupita kiasi, na mvulana akichezea timu ya wilaya alimchukua na kumtafutia karo. Kwa hiyo wengine walipobishana kwa ajili ya sifa, cucu wa Muriuki alikuwa anapiga magoti. Aliomba waziwazi kanisani, kwa sauti, na kumtajia Mungu namba ya jezi.

Habari mbaya ilitufikia siku ya soko. Mama alinichukua tukaenda Majengo, mtaa wa mjini, kwa Mzee Athumani, fundi cherehani aliyeshona namba kwenye jezi za shule karibu zote. Kibanda chake kilikuwa karibu na msikiti, na waliotaka kujua habari za mpira walipitia kwake, kwa sababu walimu wachaguzi walimletea suruali zao kurekebishwa viuno. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata tukaona haya kufungua midomo.

"Mama Wachira," alisema bila kusimamisha mashine, "mwanao hana wasiwasi. Lakini yule kipa wenu, mabwana wanasema hawajamwona."

"Hawajaona aje, na yuko hapo kwa goli kila siku?"

"Yupo, ndiyo. Ila mpira haumfikii. Nusu fainali nzima alisimama ameweka mikono kwapani akiota joto. Watamchagua yule wa Endarasha, maana yeye wamemwona akidaka."

Safari nzima ya kurudi mama hakuongea, jambo ambalo lilinitisha kuliko habari yenyewe.

Kesho yake faktori kulichafuka. Kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema Muriuki avae kofia nyekundu ili aonekane. Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Gichuki, aliyekuja kukagua kahawa ya mkewe, alisema ataandika barua, watu wakamcheka. Punje nyekundu ya Muriuki ilipandishwa na kushushwa mpaka ikapasuka. Ndipo mama akaweka kikapu chini.

"Sasa nyinyi mnapiga kelele ya nini? Si Wachira aachilie mpira mmoja upite? Mmoja tu. Huyo mtoto ashike, waone, maneno iishe."

Mechi iliyobaki ilikuwa fainali, dhidi ya Endarasha, na mtu anapendekeza tufungue geti kwa hiari yetu. Mwalimu Gichuki aliuliza, je, Muriuki asipoushika?

"Atashika," alisema mama. "Ati nyanya yake anaomba bure?"

Jioni alimwambia Wachira jikoni, mbele yangu, akikoroga githeri. Hakumbembeleza. Alimwambia kama anavyomtuma dukani: mmoja, kipindi cha pili, na usimwambie Muriuki. Wachira alisukuma ukuni motoni, akaitikia, "Haya, maitu," kama tulivyomwita mama. Akaomba kuongezewa chakula.

Fainali ile nakumbuka hata harufu yake, nyasi zilizokatwa na mafuta ya maandazi. Tulisimama upande wa Majengo, watu wa Endarasha ng'ambo na makoti yao mazito, wakituimbia kwamba sisi tunanuka maganda ya kahawa. Tulifunga bao mapema. Mpaka mapumziko Muriuki alikuwa hajagusa mpira zaidi ya kuurudisha, na wale walimu kwenye viti hawakugeuza hata shingo upande wake. Cucu wake alikuwa ameketi kwenye majani, kitambaa usoni, hataki kuona.

Kipindi cha pili mshambuliaji wao mrefu alimwendea Wachira. Nilishika mkono wa mama. Wachira alitupa mguu, akaukosa mpira kama mtu aliyeteleza, na yule mrefu akapita. Uwanja mzima ulipiga ukelele. Muriuki alitoka golini kama aliyengoja siku hiyo tangu azaliwe, akajitupa miguuni pa yule mtu na kuukumbatia mpira.

"Huo mmoja umeisha," mama alisema, jasho linamtoka. "Sasa afunge geti."

Lakini Wachira hakulifunga. Baada ya muda mfupi akapitwa tena. Safari hii Muriuki aliruka juu kabisa, akaupangua kwa vidole. Watu wa Endarasha walianza kuimba, "Geti iko wazi! Geti iko wazi!" Mama alipiga kelele ya Kikuyu ambayo siwezi kuiandika hapa. Nikamwona mwalimu mmoja mchaguzi amesimama kutoka kwenye kiti. Kisha dakika za mwisho, Wachira akapitwa mara ya tatu, na huo mpira hata sasa sijui Muriuki aliufikiaje. Alikuwa ameshaanguka upande mmoja, akarudi upande wa pili kwa magoti. Filimbi ikalia. Tulishinda kwa bao lile moja.

Majina yakaanza kuitwa. La kwanza kabisa lilikuwa la Muriuki. Cucu wake alitoa kitambaa usoni akauliza, "Ni yeye? Ni yeye?" na wanawake wakamnyanyua mzimamzima. Tulipiga vigelegele mpaka tukasahau kusikiliza. Tuliposhtuka, wavulana wote walikuwa wamesimama katikati na jezi zao, mabeki wote walitoka shule nyingine, na Wachira alikuwa bado amekaa kando ya mstari, anafungua kamba za viatu vya kuazima.

Sisi wote, faktori nzima, na akili zetu zote na punje zetu zote, hakuna aliyefikiria kwamba macho yanayomtazama golikipa yatamwona na beki. Tulimhesabu Wachira kama aliyekwisha kuchaguliwa.

Mzee Athumani alitupitia akiwa na futi yake ya kupimia shingoni. Alimtazama mama kwa huruma. "Mama Wachira," alisema, "umempata kipa, umempoteza beki."

Tulirudi kwa miguu. Watu walikuwa mbele wakiimba na Muriuki mabegani, sisi watatu nyuma. Mama alivumilia mpaka mlimani.

"Nilikwambia mmoja."

"Ndiyo, maitu."

"Sasa hiyo ingine mbili ilikuwa ya nini?"

Wachira alikuwa amevua sweta, amelifunga kiunoni. Alijibu bila kugeuka.

"Mmoja wangesema ni bahati."

Mama alisimama katikati ya njia. Nilidhani atampiga. Alimfungua lile sweta kiunoni, akamvisha kichwani kwa nguvu kama anavyovishwa mtoto mdogo, akisema baridi itamuua, mjinga huyu, baridi itamuua. Alikuwa analia. Mimi nililia pia, kwa hasira, maana nilikuwa nimeshawaringia wasichana wa darasa letu kwamba kaka yangu atapanda basi la timu ya wilaya.

Muriuki alienda shule ya bweni, akasoma mpaka akawa daktari wa mifugo. Wachira alisoma shule ya harambee, ya michango ya wananchi, hapa hapa nyumbani, akarithi kahawa, akaoa, akazeeka vizuri. Watu wa Endarasha walimwita Geti Wazi kwa miaka mingi, naye aliitika. Muriuki alielezwa habari zote na cucu wake. Tangu hapo ng'ombe wa mama hakuwahi kukohoa bila Muriuki kuja mbio kutoka alikokuwa, na mama hakuwahi kumruhusu aondoke bila kula.

Tulimzika mama mwaka jana. Nyuma ya hema vijana wa ukoo, wajukuu wake mwenyewe, walikuwa wameinamia simu wakibishana nani ameachwa kwenye timu ya nchi ya watu. Niliwasikia wakitukanana kwa minong'ono wakati wa sala. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kugusa mguu wa mchezaji anayemtetea, au kumfulia jezi, au kumjua nyanya yake. Nilitaka kuwarushia kiti. Sisi tulikuwa wajinga, ndiyo, lakini tulibishana juu ya watoto wetu.

Emsii akaita watoto wa marehemu wajitokeze mbele watambulishwe. Tukapanga mstari, Wachira kwanza, kisha mimi na wadogo zetu. Mwisho wa mstari akaja mzee mmoja mwenye mvi na koti zuri, akasimama nasi. Emsii akatazama karatasi yake, akatazama mstari, akasema jina la huyu halipo.

"Na huyu ni nani?"

Wachira alimvuta Muriuki kwa mkono wa koti, akamtoa kule mwisho na kumsimamisha karibu yake.

"Huyu ni golikipa yetu," alisema.

Wazee wa faktori, wale wachache waliobaki, walicheka huku wakifuta macho. Vijana waliinua vichwa kutoka kwenye simu, wakatazamana, wakauliza anachezea timu gani.