Madam Ndinda Amenitoa kwa Grupu

Leo nimetolewa kwa grupu ya darasa. Mimi! Mwenye huwachekesha nyote!

Mnajua niliacha shule kidato cha tatu nikaja huku Mlolongo kuchonga mawe kwa kwari. Lakini kwa grupu nilibaki. Kila Ijumaa Madam Ndinda wa Kiingereza akikumbusha watu kazi, mimi ndiye wa kwanza kujibu: "Niko kwari madam, niwekee maksi zangu."

Leo amesema kila mtu atume insha kabla ya jioni.

Hakuna mwanafunzi ametuma. Watu wa yunifomu wamelala!

Basi saa ya chakula nikakaa juu ya jiwe, nikaandika ukurasa mzima. Kiingereza safi, msinicheze. Nikapiga picha, nikatuma.

Madam akajibu: "Someni ya Kyalo. Hii ndiyo nilikuwa nataka."

Wueh! Nikaonyesha fundi simu. Nikaonyesha hata mama anayetuuzia chakula, ule muthokoi wa mahindi na maharagwe.

Halafu Mwende, ambaye tulikuwa tunakaa dawati moja, akauliza: "Madam, kwani Kyalo atafanya mtihani na sisi?"

Hakuna mtu alicheka.

Madam akaandika: "Kyalo mwanangu, hii grupu sasa ni ya watahiniwa peke yao. Nimechelewa kukuambia. Pole."

Nilikuwa bado naandika "asante madam" ya ile sifa. Kubonyeza, ikakataa kwenda. Nishatolewa.

Sasa nyinyi wenye mko ndani, hebu mmoja amwambie nimesema asante.