Mama Propela, Wifi Yake na Kelele za Ndege

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaani aliitwa Mama Propela, tangu siku alipokwenda kuchukua propela mpya ya ndege ofisi ya mizigo, gari la kazini likagoma kuwaka, naye akaitupia begani na kukatiza nayo sokoni akiwa na ovaroli yake. Watu walimpisha kushoto na kulia. Muuza nyanya mmoja akauliza, "Mama, hicho nacho ni nini?" Akajibu bila kugeuka, maana angegeuka angefagia meza za watu: "Feni ya mume wangu. Analalamika joto."

Alikuwa fundi wa ndege ndogo. Alianzia kwenye mashine za kusaga na matrekta, akasoma, akahamia kwenye injini zinazopaa. Kiwanja chenyewe hakikuwa cha kutambia wageni: njia moja ya lami yenye viraka, karakana ya mabati, na chumba cha abiria ambacho mara nyingi kilikaliwa na paka. Lakini hapo ndipo zilipotua ndege za kubeba wagonjwa na za kunyunyizia dawa mashamba, na hapo palikuwa na chuo cha urubani ambacho wanafunzi wake walizunguka juu ya mji kutwa nzima, wakipaa na kutua, kutua na kupaa.

Siku habari zilipotoka redioni, Mama Propela alikuwa amelala chali chini ya ndege. Wizara imeandaa kanuni mpya, mtangazaji akasema: kiwanja chochote kidogo kilicho katikati ya makazi, na chenye malalamiko ya wakazi, kitafungwa. Ndege zote zihamie kiwanja kikubwa cha jiji kuu. Mama Propela akainuka kwa hasira akasahau alipo, akajigonga kichwa.

Watumiaji wa kiwanja wakakutana karakanani. Mwenye chuo akalalama, rubani wa dawa za mashamba akatukana, kisha wote wakakubaliana kwamba lazima mtu aende wizarani, na kila mmoja akamtazama mwenzake. Akaenda Mama Propela. Ulimi hauna mfupa, na wa kwake ulikuwa haujui hata kuchoka.

Afisa aliyempokea alikuwa mpole. Alimpa kiti na maji, akamsikiliza habari za wagonjwa, za mashamba na za vijana wa chuo. Mama Propela alipomaliza, afisa akasema, "Mama, nimekuelewa. Lakini kila anayekuja kukitetea kiwanja anapata riziki yake humo humo. Wenye nyumba je? Malalamiko ya mtaa wenu yanaongozwa na mama mmoja mshonaji. Ana maneno makali huyo!"

Mama Propela akairudisha glasi mezani. Mshonaji wa mtaa ule alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wifi yake, dada wa mume wake.

Jioni akamwuliza mume wake kama alijua. Mume, mwalimu wa shule ya msingi asiyependa ugomvi, akavua miwani akaipangusa muda mrefu. "Fahali wawili wakipigana," akasema, "mimi ni nyasi tu."

Kesho yake mchana Mama Propela akabisha hodi kwa wifi.

"Wifi, umenishtaki serikalini?"

"Sijakushtaki wewe. Nimeyashtaki matarumbeta yako. Ingia, kaa. Usiseme kitu, sikiliza tu."

Akakaa. Ndege ya chuo ikapita juu ya paa, pini zikacheza ndani ya kopo. Kutoka chumba cha pili ikaja sauti ya mama mkwe, aliyekuwa ndiyo kwanza amesinzia: "Imeanguka?"

"Haijaanguka, mama. Lala," wifi akamjibu.

Pini hazijatulia, ikapita nyingine. "Imeanguka?"

"Haijaanguka, mama."

Wifi akashusha sauti. "Tangu ndege moja itue kwa dharura kwenye shamba la viazi mwaka juzi, mchana halali. Wewe ukisikia unajua ni injini nzima. Yeye anasikia paa likimjia kichwani."

Miaka yote Mama Propela alikuja nyumba hii Jumapili, siku ambayo chuo kilipumzika. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Njoo upande uone huko juu tunafanya nini," akasema mwishowe.

"Mimi? Nipande kiroboto kile?"

Lakini alikwenda, kwa sababu hakutaka isemwe kwamba aliogopa. Mwalimu wa chuo akarusha ndege, wifi akafumba macho na kusali kwa sauti, huku akiuminya mkono wa Mama Propela mpaka pete ikaacha alama. Alipofumbua macho, akaona kamba yake ya nguo na paa lake. "Kumbe bati langu lina kutu namna hii!" Kisha akatazama upande wa pili: bonde, mto na mashamba, nyumba hata moja hakuna.

"Na kule kuna nini?"

"Mashamba," akajibu mwalimu.

"Mbona hamzungukii kule?"

Mwalimu akamtazama Mama Propela. Mama Propela akazitazama saa za vipimo vya ndege kana kwamba kuna iliyosimama.

"Tumezoea huku," mwalimu akasema.

"Mmezoea!" akasema wifi, kwa sauti anayoitumia kwa mteja aliyeleta kitambaa kifupi akitaka gauni refu.

Mwenye chuo hakupenda wazo la kuzungukia upande wa bonde. "Kule ni mbali zaidi," alisema, "mafuta yataniua." "Basi chagua," Mama Propela akamwambia. "Uongeze mafuta kidogo, au ufuge mbuzi kwenye karakana tupu." Akachagua mafuta, akinung'unika. Wakakubaliana pia kwamba baada ya chakula cha mchana wanafunzi wakae darasani. Mchana wa kwanza mtaa ukawa kimya kabisa, na mama mkwe akaita kutoka chumbani: "Mbona kimya? Zimeanguka zote?"

Kamati ya wizara ilipokuja kuchukua maoni, ukumbi wa mji ulifurika. Wifi akasimama mbele. "Mimi ndiye yule mlalamikaji, na bado nalalamika, msije mkafikiri nimehongwa nauli ya ndege. Ila mkikifunga kiwanja, mama yangu akizidiwa mtambeba nyinyi? Msitufungie. Walazimisheni watu wa kiwanja wakae na sisi tukubaliane. Wakivunja makubaliano, fungeni, na kufuli nitaleta mimi."

Ukumbi ukacheka, mwenyekiti naye. Mama Propela alikuwa ameandaa hotuba ndefu, akaona mtungi umeshajaa, hana la kuongeza. Akasema tu, "Namuunga mkono wifi yangu." Mume wake, aliyekaa nyuma, alisema baadaye kwamba hakutegemea kuyasikia maneno hayo duniani.

Kanuni zilitoka na mabadiliko: kila kiwanja kidogo kikae na majirani, wapange njia za ndege na saa za utulivu, na kitakachoshindwa ndicho kitakachofungwa. Si kila kitu kiliokoka. Ndege zilizozeeka sana ziliamriwa ziondolewe, na ya rubani wa dawa za mashamba ilikuwa mojawapo. Mama Propela aliifungua kwa mikono yake, nati moja moja, na siku hiyo hakutania mtu.

Wiki chache baadaye wakazi wa mji mwingine, walio kwenye vita na kiwanja chao, wakamwomba aje awasuluhishe. Akasema haendi bila wifi. Wakaenda pamoja, wakakaribishwa ukumbini, kisha wenyeji wakangoja kwa heshima huku wageni wao wakibishana kwa kunong'ona nani atangulie kusema.