Mtambo Uliogawanywa kama Ng'ombe

Kabla vita havijafika kwenye kilima chetu, karibu na Kingi katika Masisi, hali ilikuwa hivi. Mvua ilinyesha karibu miezi yote, na kijito kilichotoka msituni kileleni kiliteremka kwa kishindo katikati ya mashamba ya maharagwe na malisho, bila mtu kukidai zaidi ya maji ya kunywa na ya kufulia. Nguzo za umeme hazikuwako wala hakuna aliyezitarajia, maana hata barabara yenyewe ilitufikia kwa taabu. Mwanga tuliununua kwa chupa. Mfanyabiashara mmoja wa upande wa Butembo, Mkatoliki mwenye duka sokoni na lori moja kuukuu, ndiye aliyetuuzia mafuta ya taa, na giza letu lilikuwa sehemu ya riziki yake ya halali.

Mimi nilifundisha Kilatini na historia katika shule ya sekondari, na umeme niliudhania kuwa kitu kinachoshuka kutoka mjini kwa waya, kama amri. Wakulima wa kilima chetu hawakuwa na dhana hiyo. Kwa mapato ya maharagwe na jibini walinunua vyuma. Kwa salongo, ile kazi ya pamoja ambamo kila nyumba hutoa mtu na jembe, wakachimba mfereji ubavuni mwa kilima. Mwisho wa mfereji maji yaliingia katika bomba, yakateremka kwa nguvu, yakatoka kwenye mdomo mwembamba wa shaba na kupiga gurudumu la chuma lililozungushiwa vikombe. Gurudumu nalo likazungusha jenereta kwa mkanda wa mpira. Ni hayo tu. Maji yaliyokwisha kufanya kazi yalirudi kijitoni yakiwa yale yale, na mwanamke aliyekuwa akifua huko chini hakupungukiwa hata ndoo moja. Tangu hapo nimesoma kurasa nyingi kuhusu nishati na maendeleo endelevu. Sijakuta maelezo yaliyoishinda ndoo ile.

Umeme ulipelekwa kwanza kwenye kituo cha afya, alikofanya kazi mkunga mmoja, mama mjane aliyezungumza polepole na kusikilizwa upesi. Alipata friji ndogo ya chanjo. Hapo awali chanjo zilipandishwa kwa pikipiki, na mara nyingi zilifika zikiwa zimekwisha kuharibiwa na joto la njiani. Sasa zilikaa kwetu, katika baridi iliyotengenezwa na kijito chetu wenyewe. Mama waliotoka vilima vya jirani kuwaleta watoto waliweka kiganja juu ya mlango wa friji, wakacheka.

Vita vilipokaribia kutoka upande wa Ngungu, ilikuwa wazi kwamba tutakimbia, na wazi vilevile kwamba chuma na shaba havitatusubiri. Mtambo mzima haubebeki. Ndipo wakulima walipofanya jambo ambalo hadi leo nalistaajabia: waliufungua na kuugawa kwa taratibu ya kugawa ng'ombe wa karamu. Kwetu kila sehemu ya ng'ombe ina mwenyewe tangu zamani: shingo ni ya aliyechinja, mguu wa nyuma ni wa mjomba, ubavu ni wa majirani, na hakuna anayehitaji kuandika, kwa sababu hakuna anayesahau nani alikula nini. Bomba likawa shingo. Mdomo wa shaba ukawa ulimi, akapewa bibi mmoja mpika kasiksi, ile pombe ya ndizi. Gurudumu likaitwa moyo, na likamwangukia mkulima mmoja mrefu, mwenye maneno makali na mgongo wa kubeba. Jenereta, iliyokuwa tumbo, ilikuwa nzito kupita nguvu za nyumba yoyote. Mfanyabiashara akaipakia katika lori lake chini ya magunia ya viazi.

Watu hawakumwacha aondoke bila kuchokozwa. “Papa, weye muuzaji wa mafuta, leo unabeba adui yako?” mtu aliuliza, akimwita papa, yaani baba.

“Adui asiye na miguu,” alijibu akikaza kamba, “nani atamubeba kama si mimi?”

Tulitawanyika. Wengi wetu tuliishia katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere. Wengine, miongoni mwao mwenye gurudumu, walivuka msitu hadi upande wa Walikale. Kambini watu waliulizana habari za vipande kama wanavyoulizana habari za watoto. Bibi wa ulimi hakuuacha ukae bure: aliutumia kama faneli ya kumimina kasiksi katika madumu, na ukang'aa kuliko siku uliponunuliwa.

Tuliporudi, kituo cha afya kilikuwa bado na kuta na friji, ambayo ndani yake kuku alikuwa ametaga. Surua ilikuwa imeanza kusikika katika vijiji vya bondeni. Wakuu wa afya walimwambia mkunga kwamba sanduku la chanjo litapandishwa siku friji itakapopata baridi, si kabla, nao hawakukosea: chanjo yenye joto ni maji tu. Kwa hiyo vipande vikaanza kuitwa. Shingo ilikuja, mkanda ukaja, ulimi ukaja ukinuka ndizi. Lori la mfanyabiashara lilipanda siku moja ya mvua, na jenereta ikashushwa ikiwa imefungwa katika turubai lake zuri kuliko yote, ilhali magunia ya bidhaa yalikuwa yamelowa.

Moyo haukuja. Mwenye gurudumu alikuwa amerudi nyumbani kwake, ng'ambo ya kijito, na gurudumu lilikuwa limelala barazani. Lakini alikataa kulitoa. Mkunga aliniomba nimsindikize, kwa kuwa mwalimu huheshimiwa mlangoni hata asiposaidia kitu.

Mkulima alitukaribisha vizuri, akatupa viti, kisha akasema bila hasira, “Mwalimu, nyama ukisha kupewa, nani anakuya kuiomba tena? Mulinipa moyo mbele ya bantu yote. Niliacha sufuria ya mama yangu mu pori juu ya kubeba hii chuma.”

Kwa desturi alikuwa na haki kamili: fungu la nyama halirudishwi, na kuliomba ni aibu kwa mwombaji. Mkewe alituonyesha kitenge alicholifungia gurudumu njia nzima; kilikuwa kimechanika kwa vikombe, si kwa miiba. Tulikosea wenyewe, siku ya kugawana, kwa kuchagua desturi iliyohifadhi kumbukumbu bila kufikiri kwamba inakabidhi na umiliki.

Mkunga aliweka kiganja juu ya gurudumu. “Papa,” alisema, “ngombe yenye kuchinjwa haisimamake tena. Hii itasimama. Basi hatukuchinja, tulikuwekesha.”

Hakuna mtu wa Masisi asiyejua sheria ya ng'ombe wa kuwekeshwa. Mwenye mifugo anayehama humwachia jirani ng'ombe wake. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe, lakini maziwa ni ya aliyechunga, naye hunywa kabla ya mtu yeyote.

Mkulima aliuliza, “Na maziwa ya hii iko nini?”

“Taa,” mkunga alijibu. “Ya kwanza, mu nyumba yako. Friji itangoja nyuma yako.”

Nilijua alichokuwa anakitoa, yaani siku za friji huku surua ikiwa bondeni, na mkulima pia alijua, kwa kuwa wajukuu zake walikuwa bado hawajachanjwa. Alimwita mkewe wakashauriana kwa sauti ya chini. Kisha akainama, akalipandisha gurudumu mabegani mwake mwenyewe, akakataa tumsaidie, na kutangulia kuteremka kijitoni.

Nyumba yake ilikuwa mbali na nyaya za zamani. Mfanyabiashara alitoa waya uliokuwa stoo, na alipoulizwa nani atanunua mafuta yake sasa, alisema lori lake bado lina vilima vingi vyenye giza. Salongo ikaitwa kwa ajili ya nguzo, na mfereji ukafukuliwa matope ya vita. Maji yalipoachiwa bombani, balbu moja iliwaka ng'ambo ya kijito, mchana, ambapo haikuhitajika hata kidogo, na mkulima akasimama mlangoni akiitazama. Kisha akapunga mkono, na waya wa friji ukaunganishwa.

Friji ilipata baridi, sanduku la chanjo likapandishwa, na watoto wa kilima chetu wakachanjwa surua. Vita vilirudi baadaye, zaidi ya mara moja. Kila mara mtambo ulifunguliwa, kila nyumba ikabeba kipande chake kile kile, na kila tuliporudi taa ya kwanza iliwashwa ng'ambo ya kijito.